Nani analipia elimu ya mvua?

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2022, misimu minne ya mvua ilipokuwa imepita mikavu mfululizo, nilihudhuria baraza moja la wafugaji katika Kaunti ya Kajiado. Chini ya mgunga uliokuwa umebakiwa na kivuli haba, kijana mmoja aliyesomea mambo ya hali ya hewa aliwaeleza wazee kwa upole na ufasaha kwamba msimu wa tano nao haukuonyesha dalili njema, na kwamba aliyekuwa na ng'ombe wa kuuza ni heri amwuze kabla hajakonda. Walimsikiliza kwa makini. Alipomaliza, mzee mmoja alisimama, akaegemea fimbo yake, akamwuliza: "Mwanangu, umesema vyema. Lakini hebu niambie, mafuta ya gari lililokuleta hapa yamelipiwa na nani?"

Kijana alijibu bila kusita: "Ni wafadhili, mzee wangu."

"Na siku wafadhili hao wakikasirika," mzee akaendelea, "ni nani atakayekuja kutuambia kwamba mvua haiji?"

Watu walicheka, kijana naye akacheka, na baraza likaingia katika mambo mengine. Mvua za msimu wa tano hazikutosha, kama kijana alivyoonya. Kufikia mwanzo wa mwaka wa 2023, zaidi ya mifugo milioni 2 ilikuwa imekufa nchini. Swali la yule mzee nalo halijanitoka akilini hata leo, kwa kuwa limegusa jambo ambalo sisi tunaoandika magazetini hulipita upesi. Tunapenda kuripoti wanasayansi wamesema nini kuhusu tabianchi. Ni mara chache tunapouliza wanakula wapi, nani amewatuma, na ikiwa siku moja sufuria hiyo itapinduliwa, sisi tutabaki na nini.

Mimi si mwanasayansi, na sina nia ya kuwatilia shaka wanasayansi. Wako wanasiasa na wafanyabiashara wa mafuta duniani ambao kwa muda mrefu wamejaribu kuonyesha kwamba habari za ongezeko la joto ni hadithi iliyotungwa ili watu wachache wapate fedha za utafiti. Dai hilo ni la uongo. Ninalotaka kulichunguza ni jambo tofauti: uhusiano ulioko baina ya ukweli na mfuko unaoulipia. Ili tusizungumze hewani, nimechagua shirika moja ambalo kazi yake imeyafaa mataifa maskini kuliko mashirika mengi mengine, nalo ni Climate Analytics la Berlin, Ujerumani.

Shirika hili lilianzishwa mwaka wa 2008. Kiongozi wake, Bill Hare, ni mwanafizikia kutoka Australia ambaye awali alikuwa mkurugenzi wa sera za tabianchi katika shirika la Greenpeace, kisha akawa mtafiti mgeni katika taasisi mashuhuri ya Potsdam. Miaka ilivyosonga, shirika lilifungua ofisi New York, Perth, Trinidad na Kathmandu, na kwa upande wa Afrika likaweka kituo Lomé, nchini Togo. Ni shirika lisilo la kutafuta faida, na kazi yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache: hukusanya matokeo ya sayansi, huyapigia hesabu, na kuyafikisha mbele ya wale wanaoketi kwenye meza za majadiliano.

Msomaji ambaye hajawahi kuhudhuria mikutano ya Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi huenda asione uzito wa kazi hiyo. Katika mikutano hiyo, taifa kubwa huja na wajumbe mamia: mawakili, wachumi, wahandisi na wanadiplomasia, kila kikao kikiwa na mtu wake. Taifa dogo kama Tuvalu au Komoro huja na wajumbe wachache, na vikao vinavyoendeshwa kwa wakati mmoja hufika kumi au zaidi. Mjumbe huyo akiletewa usiku wa manane waraka wenye hesabu za gesi chafu na kutakiwa kutoa kauli alfajiri, atafanya nini? Atanyamaza, au atakubali asichokielewa. Hapo ndipo Climate Analytics lilipoingia. Wataalamu wake wamekuwa wakishauriana na Muungano wa Mataifa ya Visiwa Vidogo, AOSIS, pamoja na kundi la nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, wakiwapa hesabu na ushauri wa kisheria palepale kwenye majadiliano. Kenya si kisiwa wala haimo katika orodha ya nchi hizo, lakini majirani zetu Tanzania, Uganda, Uhabeshi na Somalia wamo, na ndugu zetu wa Komoro na Ushelisheli ni wanachama wa AOSIS.

Tuangalie sasa kazi hiyo ilizaa nini. Mwaka wa 2009 mjini Copenhagen, mataifa makubwa yalikuwa yamekwisha kuamua kwamba dunia iruhusiwe kupata ongezeko la joto la nyuzi 2 za selisiasi juu ya kiwango cha kabla ya enzi ya viwanda. Mataifa ya visiwa, yakiungwa mkono na zaidi ya nchi 100, yalikataa. Yalidai nyuzi 1.5, yakisema kwamba kupita hapo ni kuyahukumu kufa maji. Wakubwa waliliona dai hilo kuwa ndoto. Hata hivyo, mataifa madogo yalifaulu kupata ahadi moja iliyoonekana ndogo: kwamba kiwango cha nyuzi 2 kingechunguzwa upya kwa mujibu wa sayansi kufikia mwaka wa 2015. Wenye ujuzi wa majadiliano wanajua kwamba mlango ukiachwa wazi kwa upana wa kidole, mwenye subira ataingia.

Uchunguzi huo ulifanyika baina ya mwaka wa 2013 na 2015, wataalamu na wajumbe wakihojiana ana kwa ana. Hitimisho lake lilikuwa kwamba nyuzi 2 si kizingiti cha usalama kama ilivyodhaniwa. Tarehe 12 Desemba 2015 mjini Paris, mataifa yalikubaliana kuzuia ongezeko la joto libaki chini kabisa ya nyuzi 2 na kujitahidi lisipite 1.5. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2018, Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilieleza tofauti ya nusu nyuzi hiyo kwa mifano iliyomfanya hata mtu wa kawaida aelewe. Katika nyuzi 1.5, matumbawe ya bahari yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90. Katika nyuzi 2, yatapotea zaidi ya asilimia 99. Mvuvi wa Watamu au wa Shimoni, ambaye samaki wake huzaliana katika matumbawe hayo, hahitaji kufasiriwa maana ya hesabu hizo.

Kwamba hesabu hizo zilikuwa silaha lilidhihirika mnamo Desemba mwaka huohuo mjini Katowice, Poland, pale Marekani, Saudi Arabia, Urusi na Kuwait zilipokataa hata neno la kuipokea ripoti hiyo kwa furaha. Mtu hagombani na karatasi isiyo na nguvu. Na tarehe 23 Julai 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, ikitoa maoni yaliyoombwa kutokana na juhudi za taifa la visiwa la Vanuatu, ilitamka kwamba nyuzi 1.5 ndicho kiwango kikuu ambacho mataifa yamekubaliana. Dai lililochekwa Copenhagen limekuwa kipimo cha sheria ya kimataifa.

Singependa kumpa sifa zote mtu mmoja au shirika moja. Waliopigana ni mataifa ya visiwa yenyewe, na sayansi ilifanywa na maelfu ya watafiti duniani kote. Lakini bila ya watu waliogeuza sayansi hiyo kuwa hoja ambayo mjumbe aliyechoka angeweza kuisoma saa nane za usiku, sidhani kwamba safari ingekuwa rahisi.

Mfano mwingine wahusu Benki ya Dunia. Mwaka wa 2010 benki hiyo iliikopesha Afrika Kusini dola bilioni 3.75, sehemu kubwa zikiwa za mtambo wa makaa ya mawe wa Medupi. Novemba 2012 benki hiyohiyo ilichapisha ripoti iliyotayarishwa na taasisi ya Potsdam pamoja na Climate Analytics, ikionya kuhusu dunia iliyopata joto la nyuzi 4 zaidi. Mwaka uliofuata ikatoka ripoti ya pili iliyozingatia Afrika iliyo kusini mwa Sahara pamoja na sehemu za Asia. Mnamo Julai 2013 benki ilitangaza kwamba ingefadhili mitambo ya makaa ya mawe katika hali za nadra tu. Sisemi kwamba ripoti peke yake ndiyo iliyoibadilisha benki, kwa kuwa palikuwa na mashinikizo mengi. Hata hivyo, ni vigumu kwa taasisi kuchapisha onyo kwa jina lake leo, kisha kesho ikatenda kinyume hadharani.

Hayo ndiyo mafanikio. Sasa nirudi kwa swali la mzee wa Kajiado: mafuta ya gari yamelipiwa na nani?

Shirika lisilo la kutafuta faida halina wenye hisa wa kugawana ziada mwisho wa mwaka. Kinachobaki hurudi katika kazi. Lakini pia halina mazao ya kuuza sokoni. Huishi kwa miradi. Mfadhili hutangaza kwamba ana fedha kwa ajili ya jambo fulani. Shirika huandika pendekezo. Likikubaliwa, hupata fedha za miaka miwili, mitatu au minne, kila senti ikiwa imepangiwa kazi yake. Muda ukiisha, huanza tena kubisha milango. Kwa Climate Analytics, mlango mmojawapo mkubwa umekuwa wa serikali ya Ujerumani, kupitia mpango wake wa kimataifa wa tabianchi ulioanzishwa mwaka huohuo wa 2008. Mingine ni ya wakfu za kibinafsi za nchi tajiri. Kwa hiyo, hesabu ambazo mjumbe wa kisiwa maskini amezitumia kuyakabili mataifa tajiri zimelipiwa, kwa sehemu kubwa, na mataifa tajiri yenyewe.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Je, ngozi ya ngoma hii imevutwa upande gani?

Nimelipima jambo hili kwa haki kadiri nilivyoweza. Mnamo Februari 2017, Climate Analytics lilichapisha uchunguzi uliosema kwamba ili Mkataba wa Paris uheshimiwe, nchi za Umoja wa Ulaya zinapasa kufunga mitambo yote ya makaa ya mawe kufikia mwaka wa 2030. Ujerumani, iliyo na mitambo mingi ya aina hiyo, ilipitisha sheria mwaka wa 2020 ikajipa hadi 2038. Hapo shirika lilikuwa limekwisha kumwambia mfadhili wake neno asilotaka kulisikia. Tena, Mei 2022, baada ya vita vya Ukraine kuikatia Ulaya gesi ya Urusi, Olaf Scholz, aliyekuwa Chansela wa Ujerumani, alifika Dakar kuzungumzia gesi ya Senegal. Mwezi uliofuata, kundi la Climate Action Tracker, ambalo Climate Analytics huliendesha kwa ushirikiano na taasisi ya NewClimate, lilikemea mbio za kutafuta gesi mpya duniani kote. Mtu aliyenunuliwa hasemi hivyo. Climate Action Tracker hilohilo lilipozipima nchi mwaka wa 2021, ni Gambia peke yake iliyopatikana ikitimiza kipimo cha nyuzi 1.5, Kenya, pamoja na nchi chache kama Uhabeshi na Nijeria, ziliwekwa katika daraja lililofuata. Matajiri wengi walikuwa mbali nyuma.

Kwa hiyo sioni ushahidi kwamba hesabu zimepindwa ili kumfurahisha mlipaji. Lakini nathubutu kusema kwamba mfadhili hana haja ya kupinda hesabu. Mfadhili huchagua swali. Anayelipia utafiti kuhusu mwaka ambao makaa ya mawe yafungwe atapata jibu sahihi kuhusu makaa ya mawe. Ikiwa hakuna anayelipia utafiti kuhusu kiasi cha maji yaliyoko chini ya ardhi ya Wajir, au kuhusu mbegu ya mtama itakayostahimili jua la Kitui miaka 20 ijayo, hakuna atakayesema uongo kuhusu mambo hayo. Yatabaki tu kutojulikana. Na jambo lisilojulikana halipelekwi kwenye meza yoyote.

Takwimu zilizotolewa na IPCC mwaka wa 2022 zinasikitisha. Kati ya mwaka wa 1990 na 2019, utafiti kuhusu Afrika ulipata asilimia 3.8 pekee ya fedha za utafiti wa tabianchi duniani. Katika kiasi hicho kidogo, asilimia 78 zilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Amerika Kaskazini ili zitutafiti sisi. Taasisi za Kiafrika zilipata asilimia 14.5. Yaani hata ile punje tuliyotengewa, wengine ndio waliotutafunia.

Upungufu huo unaonekana katika fedha za kujikinga pia. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako hapa Gigiri, lilieleza mwaka wa 2024 kwamba fedha za umma zilizotoka nchi tajiri kuzisaidia nchi zinazostawi kujikinga na madhara ya tabianchi zilikuwa dola bilioni 28 katika mwaka wa 2022, ilhali mahitaji yalikadiriwa kuwa baina ya dola bilioni 215 na 387 kila mwaka. Swali la jinsi ya kupunguza moshi lawahusu wote, na matajiri huligharimia kwa kuwa lawagusa. Swali la jinsi mfugaji wa Marsabit atakavyoishi na joto lililokwisha kufika ni letu sisi, na wa kuligharimia kwa dhati hajapatikana.

Hata mjadala wa gesi na mafuta yetu umetatizwa na jambo hili. Mwafrika anapoambiwa na mtafiti anayelipwa na Ulaya kwamba asichimbe gesi yake, huku Ulaya ikiipigania gesi hiyohiyo, hushuku, na ana haki ya kushuku. Huenda mtafiti akawa amesema kweli: kwamba mitambo ya gesi itakayojengwa leo itakuwa mzigo wa deni kesho soko likianguka, na kwamba jua, upepo na joto la ardhi ni nafuu zaidi kwetu. Sisi wenyewe tumeona faida ya mvuke wa Olkaria. Lakini ukweli unaotoka katika kinywa kilicholishwa na mwenye masilahi hupokelewa kwa nusu sikio. Hiyo ni hasara kwa ukweli, na ni hasara kwetu. Laiti hesabu za mafuta ya Lokichar, yaliyogunduliwa mwaka wa 2012, zingepigwa na kutangazwa na watafiti wetu wenyewe kwa fedha zetu wenyewe, mabishano yangekuwa kuhusu hesabu, si kuhusu nani amemtuma nani.

Tulipata funzo la aina hiyo hapa Nairobi. Mkutano wa kwanza wa tabianchi wa Afrika ulipokaribia, Septemba 2023, mamia ya mashirika ya kiraia barani yalimwandikia barua Rais Ruto, yakilalamika kwamba ajenda ya mkutano ilikuwa imeathiriwa mno na washauri wa kigeni, hasa kampuni ya McKinsey ya Marekani, na kwamba masoko ya kuuza hewa ukaa yalikuwa yamepewa nafasi kuliko masilahi ya wananchi. Serikali iliutetea mkutano wake. Sitaki kufufua ugomvi huo. Nataka tu tujiulize ni vipi bara lenye vyuo vikuu vya umri wa zaidi ya nusu karne lilifika mahali pa kugombania kalamu ya mgeni. Mkono mtupu haulambwi. Ukiwa huna cha kumlipa mwanao aliyesoma, usishangae ukimkuta akimwandikia mwingine.

Wala si kwamba hatuna misingi. Mwaka wa 1988 Profesa Calestous Juma, mwana wa Busia, alianzisha hapa Nairobi Kituo cha Afrika cha Masomo ya Teknolojia, ACTS, taasisi isiyo ya kutafuta faida iliyokuwa miongoni mwa za mwanzo barani kuziunganisha sayansi na sera. Mwaka uliofuata kilianzishwa kituo cha kuchunguza ukame ambacho leo ni ICPAC, chini ya shirika la IGAD, nacho kinazihudumia nchi 11. Idara yetu ya Hali ya Hewa ina wataalamu wanaoheshimiwa ulimwenguni. Mmoja wao, Joyce Kimutai, alishiriki katika uchunguzi wa kundi la World Weather Attribution wa Aprili 2023, uliobainisha kwamba ongezeko la joto limefanya ukame kama ule wa Pembe ya Afrika uwezekano wake kuwa mkubwa angalau mara 100. Vichwa tunavyo. Sheria pia tunayo: Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 ilikusudia Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Kusudio hilo limebaki kwenye karatasi, bajeti baada ya bajeti, na taasisi zetu zinaendelea kubisha milango ileile inayobishwa na wenzao wa Berlin.

Kisha ikaja siku aliyoitabiri mzee. Mwishoni mwa Januari 2025, serikali mpya ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mtandao wa FEWS NET uliokuwa ukitoa tahadhari za njaa tangu mwaka wa 1985 ulizimika. Huo ni mtandao ambao serikali, mashirika ya misaada na wanahabari wa nchi hii walikuwa wameuzoea kama mtu alivyozoea saa ya ukutani. Haukuzimwa kwa sababu ulikosea. Ulizimwa kwa kuwa aliyeulipia alibadili nia. Hata uliporejea baadaye mwaka huo, imani ya kwamba utakuwapo daima haikurejea nao. Shirika la USAID lenyewe lilifikia kikomo Julai 2025. Uingereza nayo ilitangaza Februari mwaka huo kwamba itapunguza misaada kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato lake kufikia 2027. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa ndugu mwenyewe hajatuficha kwamba mfuko anaufunga.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Kenya ina madeni, kwamba hospitali hazina dawa, na kwamba utafiti ni anasa ya walioshiba. Jibu langu ni kwamba ujinga una gharama pia, ila haumo katika kitabu cha bajeti. Mafuriko ya mwaka wa 2024 yaliua watu karibu 300 nchini. Usiku mmoja tu wa Aprili, karibu na Mai Mahiu, maji yaliwazoa makumi ya watu wakiwa wamelala. Tume ya Kimataifa ya Kukabiliana na Tabianchi ilikadiria mwaka wa 2019 kwamba onyo la saa 24 kabla ya dhoruba laweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Anayeona kwamba onyo ni ghali na apige hesabu ya mazishi.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, Bunge liidai Wizara ya Fedha ieleze kila mwaka, mbele ya umma, ni sehemu gani ya ile asilimia 2 imetolewa, na ni kiasi gani kimefikia utafiti wa mvua, maji na mbegu. Hata robo ya ahadi hiyo, ikitolewa bila kukatizwa kwa miaka kumi, itafaa kuliko kitita kinacholetwa na mgeni na kuondoka naye. La pili, kila shirika au kampuni, iwe ya Berlin, ya New York au ya Kilimani, inayoishauri serikali yetu kuhusu tabianchi na itangaze nani anayelipia ushauri huo. Shirika la kweli halitaona haya. Na msomaji atajua achuje vipi anachoambiwa. La tatu, nchi za Afrika Mashariki ziige ujanja wa visiwa. Komoro peke yake haisikiki; ikiwa ndani ya AOSIS husikika. ICPAC ikilipiwa ipasavyo na nchi 11 wanachama, itakuwa na sauti ambayo hakuna idara moja ya nchi moja itakayoifikia.

Sisemi tuwafukuze wafadhili, wala tudharau kazi ya Climate Analytics na mashirika mengine ya aina yake. Yametutetea tulipokuwa hatuna mtetezi, na nusu nyuzi iliyopiganiwa Copenhagen ni mali yetu pia. Tena vita havijaisha. Mwaka wa 2024 ulikuwa wa kwanza kupita nyuzi 1.5 kwa wastani wa mwaka mmoja, na ingawa kipimo cha Paris huhesabiwa kwa miongo, ishara hiyo haihitaji mpiga ramli. Tutawahitaji watetezi hao zaidi ya jana. Ninalosema ni kwamba mtetezi hutetea vizuri zaidi akikukuta nawe umesimama.

Yule kijana wa hali ya hewa nilikutana naye tena mwaka jana mjini Nairobi. Mradi wake ulikuwa umekwisha, na alikuwa akitafuta kazi nyingine. Nilimwuliza ni nani anayekwenda Kajiado siku hizi kuwaeleza wazee habari za msimu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Kwa sasa, hakuna."